Mashine ya Kukuzia Picha na Lenzi Yake: Mwongozo kwa Anayetaka Kusafisha Picha Nyumbani Mwanza

Nina negativu moja ambayo kwayo huijaribu kila mashine ya kukuzia picha na kila lenzi iliyopata kupita mkononi mwangu, nayo haina fahari yoyote: ni dagaa tu, walioanikwa juu ya mchanga wa Igombe asubuhi moja ya kiangazi, maelfu kwa maelfu, wameijaza picha kutoka ukingo hata ukingo, pasi na anga, wala mtu, wala mtumbwi wa kupumzishia jicho. Faida yake ni hiyo hiyo. Dagaa wa katikati na dagaa wa pembeni ni samaki wa aina moja na umbo moja, kila mmoja na jicho lake dogo jeusi na ubavu wake wa fedha. Kwa hiyo lenzi ikiwa hafifu, au mashine ikiwa imekaa upogo, hapana mahali pa kuuficha upungufu huo, maana wa katikati watahesabika mmoja mmoja ilhali wa pembeni watakuwa uji.

Mwongozo huu namwandikia msomaji aliyekwisha kuamua, kwa mapenzi tu au kwa kuwa amerithi kasha la mikanda ya zamani ya jamaa zake, kwamba atasafisha picha mwenyewe kwa dawa na karatasi katika chumba cha giza, hapa Mwanza au popote kandokando ya ziwa, tangu Musoma hata Bukoba, na sasa amesimama njia panda asijue anunue nini. Ushauri wangu wote wazunguka neno moja, nami nalitaja mapema ili mengine yalifuate: fedha yako itie katika lenzi, jasho lako litie katika kuinyoosha mashine, na yaliyobaki yahesabu kuwa ni raha.

Mashine yenyewe, ambayo mafundi wa studio wameizoea kuiita enlaja, si kitu cha siri. Ni taa iliyofungiwa ndani ya kichwa cha bati, chini ya taa negativu, chini ya negativu mvukuto unaorefuka na kufupika, mwisho wa mvukuto lenzi, na vyote hivyo hupanda na kushuka katika nguzo iliyosimamishwa juu ya ubao ambapo hulazwa karatasi. Waliotangulia katika sanaa hii hawakuwa na taa ya kutosha, wakalitumia jua: mwaka 1857 David Woodward wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya mashine ya kukuzia iliyotiwa mwanga wa jua, na mwenye kuitumia alilazimika kuigeuza kidogo kidogo kwa kadiri jua linavyokwenda. Hata hivyo wapiga picha wengi wa zama zile hawakuwa na haja ya kukuza, kwa kuwa walitumia sahani kubwa za kioo na kuzilaza moja kwa moja juu ya karatasi. Ilipotoka kamera ya Leica mwaka 1925, yenye negativu ya milimita 24 kwa 36 tu, ndipo kukuza kulipokuwa faradhi ya kila mtu atakaye picha ya kutundika ukutani. Picha za Unguja za Capital Art Studio, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha za habari za Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuifungua Camerapix huko mwaka 1963, hatuzipendi kwa jicho la mpiga picha peke yake. Ni matunda pia ya saa nyingi chini ya taa nyekundu.

Swali la kwanza, basi, si mashine ipi iliyo nzuri, bali negativu zako ni za kipimo gani, na hapa wengi huteleza kwa kuwa huenda kununua kabla ya kulifungua kasha na kulichungua. Ukikuta mikanda myembamba yenye matundu pande zote mbili, hiyo ni ya milimita 35, nayo mashine yoyote itaitosheleza. Ukikuta vipande vya mraba vyenye upana wa sentimita 6 kasoro kidogo, visivyo na matundu, jua kwamba vilipigwa kwa kamera za kutazamia kwa juu zenye lenzi mbili, kama vile Yashica na Seagull ya Kichina, ambazo mafundi wa studio zetu walizining'iniza shingoni miaka nenda miaka rudi. Na hapo mashine ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya milimita 35 peke yake haitakufaa hata ukipewa bure. Rai yangu, kwa mtu wa hapa ambaye yamkini kesho ataletewa na shangazi yake bahasha ya negativu za harusi za mwaka 1968, ni kununua tangu mwanzo mashine inayopokea mraba wa sentimita 6, hata kama leo ana mikanda midogo tu. Iliyo kubwa huweza kufanya kazi ya ndogo, lakini ndogo haiwezi kufanya kazi ya kubwa. Zile za kupokea sahani za inchi 4 kwa 5 waachie wenye nyumba pana. Ni nzito, dari za nyumba zetu nyingi haziziruhusu kusimama, na kuzisafirisha kutoka Dar es Salaam pekee kwaweza kula fedha ya lenzi mbili.

Kipimo cha negativu ndicho kinachoamrisha lenzi. Kwa milimita 35 hutumika lenzi ya milimita 50. Kwa mraba wa sentimita 6 hutumika ya milimita 75 au 80. Kwa vipande vya 6 kwa 9 ya milimita 105. Ukitia lenzi ya 50 juu ya negativu ya mraba, pembe nne za picha zitatoka nyeupe, kwa sababu duara la mwanga wake halifiki huko. Ukitia ya 80 juu ya negativu ndogo hapana madhara kwa picha, ila nguzo yako itakuwa fupi ghafula: ili negativu ya milimita 35 ijaze karatasi ya inchi 8 kwa 10 yakupasa kuikuza takriban mara 8, na kwa kuikuza hivyo lenzi ya 50 hukaa sentimita 45 juu ya karatasi, ilhali ile ya 80 hudai sentimita 72. Hesabu yake ni nyepesi nami napenda kila mtu aijue kabla ya kutoa fedha: chukua idadi ya mara utakazokuza, ongeza moja, kisha zidisha kwa milimita za lenzi. Nenda na futi ya fundi seremala, pima nguzo, utajua papo hapo kama mashine ile itakupa ukubwa wa picha unaoutamani.

Sasa nije kwenye taa, maana hapa Mwanza ina mambo yake.

Vichwa vya mashine ni vya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ina vioo viwili vinene vilivyotuna, viitwavyo kondensa, vinavyoukusanya mwanga wa balbu na kuuelekeza wote katika negativu kwa mstari mmoja. Namna ya pili huutawanya mwanga kwanza ndani ya kisanduku cheupe, ukaifikia negativu kutoka kila upande kama mwanga wa siku yenye mawingu. Kondensa hutoa picha yenye weusi na weupe mkali zaidi, karibu daraja zima la karatasi, lakini huo ukali wake hauachi kitu: kila mkwaruzo, kila chembe ya vumbi, kila alama ya kidole iliyoachwa katika negativu na mtu aliyekwisha kufariki, yote huyaandika. Mwanga uliotawanywa husamehe. Kwa hiyo, kama kazi yako kubwa itakuwa negativu za zamani zilizolala ndani ya bahasha za karatasi katika nyumba za vumbi, nakushauri namna ya pili bila kusita. Na kama utakuza mikanda mipya uliyoisafisha na kuitunza mwenyewe, kondensa itakufurahisha.

Ila kabla hujaamua uliza swali moja la kawaida sana: balbu yake yapatikana wapi? Vichwa vingi vya kutawanya mwanga, hususa vile vyenye vichujio vya rangi, hutumia balbu ndogo ya halojeni ya volti 12 yenye transfoma yake, na transfoma ile ikiungua, mashine nzima hugeuka kuwa pambo la sebuleni hadi mtu aje na nyingine kutoka ng'ambo. Mashine nyingi za kondensa hutumia balbu nyeupe ya rangi ya maziwa, ya wati 75 au 150, yenye kitako cha skrubu kama za nyumbani. Siku hizi balbu hizo za waya nazo zimeadimika, lakini balbu ya LED iliyo nyeupe na ya mviringo mara nyingi huweza kushika nafasi yake, madhali utaijaribu kwanza: itie, ondoa negativu, shusha tundu la lenzi, kisha ipige karatasi nzima mwanga kidogo tu wa kuipatia rangi ya kijivu, uisafishe, uitazame katikati na pembeni. Kijivu kikiwa kimoja kote, umepata. Kikiwa na doa katikati, ipandishe au ishushe balbu katika kichwa na ujaribu tena, kwa kuwa mashine nyingi za kondensa zina fimbo ya kuitelezesha balbu kwa kusudi hilo hilo.

LED ina fadhila nyingine ambayo mtu wa mji usiokatikiwa na umeme hataiona. Umeme wetu ni wa volti 230 kwa jina. Katika mtaa ninaokaa, kati ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati kila nyumba inapika, inapiga pasi na kutazama televisheni, hushuka chini ya hapo hata feni huzunguka kivivu. LED nyingi hazijali sana upungufu huo, bali balbu ya waya hudhurika zaidi kuliko mtu anavyodhani: umeme ukipungua kwa sehemu moja ya kumi, mwanga hupungua kwa karibu theluthi, hivyo picha iliyotaka sekunde 10 sasa yataka 14, na kwa kuwa waya hugeuka kuwa mwekundu zaidi, karatasi za kisasa za madaraja mengi, ambazo hupata ukali wake kutokana na mwanga wa buluu, hutoka zimepoa na kufifia. Nilipoteza karatasi nyingi mwaka wangu wa kwanza nikiilaumu dawa, nikaibadili mara mbili, na dawa haikuwa na kosa. Ama ununue stabilaiza nzuri uiunganishe na mashine peke yake, ama ufanye kazi baada ya saa 5 usiku, jambo ambalo pia hukupa ubaridi kidogo, kwa maana chumba kilichozibwa madirisha katika joto letu humtoa mtu jasho, na tone moja la jasho juu ya negativu ni hasara isiyolipika. Na ukiletewa mashine kutoka Marekani, soma bamba lake kabla ya kuichomeka, kwa kuwa za kwao ni za volti 120, nazo bila ya transfoma ya kupunguza hufa kwa sekunde moja.

Kuhusu majina ya watengenezaji sitakawia. Durst wa Italia walitengeneza mashine imara za mraba wa sentimita 6, kama M600 na M605, nami kwa mtu asiye na wa kumwongoza ningependa azikute hizo. Opemus za Meopta, kutoka Chekoslovakia ya zamani, ni nyepesi na sahali kutengenezwa. Beseler 23C ya Marekani ni mnyama mkubwa mwenye nguzo pacha, hupokea hadi 6 kwa 9. Zipo pia zile ndogo za Kirusi ziitwazo UPA, zinazokunjwa na kuingia ndani ya sanduku lao wenyewe, na kifuniko cha sanduku kikawa ndicho ubao. Kwa mwalimu anayehama vituo, au kwa aliye na chumba kimoja cha kupanga, nazisifu, ila zisukume kwa upole maana nguzo yake hutikisika. Jina lolote utakalolipata, zungusha kila kipini, panda na ushuke nguzoni, uhakikishe kichwa kikiachwa hakishuki chenyewe, na utie tochi ndani ya mvukuto katika giza kuona kama una matundu. Mvukuto uliotoboka huzibwa kwa kitambaa cheusi na gundi ya mpira. Kichwa kinachoshuka chenyewe huharibu picha kimyakimya, nawe hutajua kwa nini.

Lakini lenzi, msomaji, lenzi!

Nalimjua mzee mmoja aliyekuwa na studio hapa mjini tangu siku ambazo meli ziliwaleta watu wa Ukerewe kupiga picha za sikukuu, na ambaye alikuwa amekwisha kuuza kamera zake zote asibakiwe ila na kabati la lenzi. Nilimwendea nikiwa na lenzi niliyoinunua kwa fedha nyingi, ing'aayo kama mpya, nikamwamkia, "Shikamoo mzee," naye alipoitikia hakuichukua ile lenzi mkononi, alisema tu, "Mwanangu, lete tochi." Akazima taa, akaifungua lenzi tundu lote, akaweka tochi nyuma yake kwa upande, si kwa kuielekezea jicho, na pale ambapo mchana mimi nilikuwa nimeona kioo safi, nikaona nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa kutoka ukingoni kama mizizi ya nyasi. Ilikuwa kuvu. "Huyu amekaa kabatini na unyevu wa ziwa," alisema, "ukimtia katika mashine, weupe wako wote utakuwa na moshi ndani." Ndivyo ilivyokuwa. Picha zake hazikukosa makali, bali zilikosa uhai. Weupe wa nguo na weupe wa mawingu ulikuwa na ukungu wa kijivu juu yake, kama mtu anayetazama kwa nyuma ya chandarua.

Kwa hiyo usinunue lenzi mchana peupe bila tochi. Itazame kwa mbele, kisha kwa nyuma, ukiinamisha mwanga huku na huku. Chembe mbili tatu za vumbi ndani hazina neno kabisa, na mkwaruzo mmoja mwembamba wa mbele hauna neno kubwa. Nyuzi za kuvu, utando wa mafuta, au duara lenye rangi za upinde wa mvua ukingoni, ambalo ni dalili ya vioo vilivyogandishwa kuachana, ni sababu ya kurudisha. Zungusha tundu kutoka namba ndogo hata kubwa, ukatazame vile vipande vya chuma vinavyofunga na kufungua: viwe vikavu, visogee pamoja bila kukwama.

Kisha soma jina. Lenzi za kukuzia zilizo hafifu zina vioo vitatu, za kati zina vinne, na zilizo bora zina sita, na tofauti baina yake haionekani katikati ya picha bali pembeni, na haionekani katika karatasi ndogo bali katika kubwa. Katika nyumba ya Schneider ya Ujerumani, Componar ni ya vitatu, Comparon ya vinne, Componon ya sita. Katika nyumba ya Rodenstock, Rogonar ni ya vitatu, Rogonar-S ya vinne, Rodagon ya sita. Majina yanafanana kiasi cha kumpoteza mtu mwenye haraka, basi yasome herufi kwa herufi. Nikon walikuwa na EL-Nikkor za milimita 50 mbili: ile inayoanzia tundu namba 2.8 ina vioo sita, na ile inayoanzia namba 4 ina vinne. Industar za Kirusi ni za vinne, nazo kwa picha isiyozidi inchi 8 kwa 10 hufanya kazi ya heshima. Nikiulizwa nichague kati ya mashine kukuu iliyochubuka rangi yenye Rodagon au EL-Nikkor ya 2.8, na mashine mpya ing'aayo yenye lenzi ya vioo vitatu, siwezi kufikiri hata dakika moja. Mashine chakavu huweza kunyooshwa kwa spana na vipande vya karatasi ngumu, ilhali hapana fundi wa Mwanza, wala wa Nairobi, wala wa London, awezaye kuongeza vioo vitatu ndani ya lenzi.

Nyingi ya hizo hufungwa kwa hesi ya milimita 39, ile ile ya kamera za kale za Leica na za Kirusi zilizoiga. Hapa pana mtego. Kwa kuwa hesi ni moja, utamkuta mtu anakuuzia lenzi ya kamera ya Zorki au FED akidai ni ya kukuzia, na kweli itaingia, na kweli itatoa picha. Lakini lenzi ya kamera imeumbwa kuutazama mlima wa mbali, na ya kukuzia imeumbwa kuitazama karatasi bapa iliyo karibu. Dagaa wangu wa pembeni hulifichua jambo hilo mara moja. Shika pia kwamba lenzi yoyote haipo katika ubora wake ikiwa wazi kabisa: tafuta makali ya picha ikiwa wazi, kwa sababu ndipo macho hupata mwanga wa kutosha, kisha shusha hatua mbili, yaani kutoka 2.8 hata 5.6 au kutoka 4 hata 8, upige hapo. Ukiishusha hata 16 kwa tamaa ya makali zaidi utayapunguza, kwa maana mwanga unaopita katika tundu dogo mno hutawanyika.

Tuje kwenye kunyoosha, kazi ambayo hainunuliwi. Vitu vitatu vyapasa kuwa sambamba kama sakafu na dari: negativu, ubao unaobeba lenzi, na ubao wa chini uliolaza karatasi. Wengi wetu tunakaa katika nyumba zilizojengwa mabegani mwa majabali, ambazo sakafu zake hazikupata kuonana na timazi. Hilo halidhuru, kwa kuwa haitakiwi kwamba mashine iwe sawa na dunia, bali kwamba viungo vyake viwe sawa vyenyewe kwa vyenyewe. Weka pimamaji dogo juu ya ubao wa chini, nyanyua pembe kwa vipande vya kadibodi hata tone la hewa litulie katikati. Kisha lipeleke mahali pa negativu, kisha lilaze chini ya ubao wa lenzi, kwa urefu na kwa upana, ukikaza na kulegeza skrubu mpaka tone liseme neno moja kila mahali. Kazi hiyo yaweza kula jioni nzima. Ukimaliza, funga kichwa cha nguzo kwenye ukuta kwa kipande cha chuma, kwa sababu lori moja linalopanda mlima barabarani linatosha kuitikisa nguzo ndefu katika zile sekunde 10, na picha ikatoka kama iliyopigwa na mtu mwenye homa.

Kishikio cha negativu nacho kina namna mbili, chenye vioo na kisicho navyo. Kisicho na kioo huacha nyuso mbili tu za kupangusa vumbi, chenye vioo huongeza nne. Kwa upande mwingine, negativu kubwa ya mraba isiyobanwa na kioo hupata joto la balbu na kutuna ghafula katikati ya kazi, makali yakapotea. Mimi hutumia kisicho na kioo kwa milimita 35 na chenye kioo kwa mraba, na katika siku za mwezi mwandamo, wadudu wa ziwa wanapopanda kama moshi juu ya maji na kuingia nyumbani kwa kila tundu linaloonyesha taa, sifungui kabisa kishikio chenye vioo. Nimewahi kukuza picha ya bibi arusi nikakuta shavuni mwake alama nyeupe yenye mabawa, safi kuliko uso wenyewe.

Pa kununua ni hapa: kwanza kwa wazee waliofunga studio zilipoingia maabara za rangi, na baadaye simu, ambao mashine zao bado zipo juu ya makabati, na wengi hufurahi zipate mwenye kuzitumia. Nenda kwa adabu, ukae, usikilize, usiseme bei siku ya kwanza. Kisha kwa jamaa aliyeko Ujerumani au Uingereza, ambako vitu hivi huuzwa kwa bei ya mguu wa meza. Mwombe lenzi tu, maana lenzi huja katika mfuko wa koti, na mashine utaipata huku. Kwa karatasi usiogope: Ilford wa Uingereza na Foma wa Chekia wangali wanatengeneza.

Lenzi ikifika, isilale katika mashine. Ifungue kila umalizapo kazi, uitie katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza pamoja na vile vijipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vipatikanavyo ndani ya maboksi ya viatu, navyo uvikaushe juani kila mwezi, na wakati wa masika kila juma.

Usiku wa kwanza, usikuze picha ya mama yako. Tafuta negativu yako ya dagaa, au ya mchanga, au ya ukuta wa matofali, mradi imejaa vitu vidogo vya namna moja hata pembeni, uikuze kwa ukubwa wote ambao nguzo yako itaruhusu, tundu likiwa limeshushwa hatua mbili, kisha iache ikauke uitazame asubuhi dirishani kwa kioo cha kusomea. Pembe nne zikiwa sawa, umemaliza kuchagua. Ikiwa pembe moja imelegea, usihukumu bado: rudi ndani, uilegeze lenzi nusu mzunguko katika hesi yake, tafuta makali upya, ukuze tena negativu ile ile bila kugusa kitu kingine. Ulegevu ukihama kwenda pembe ya mkabala, mwenye kosa ni lenzi, nawe una haki ya kuirudisha kwa aliyekuuzia ukiwa na picha mbili za ushahidi mkononi. Ukibaki pale pale, mwenye kosa ni mashine, basi chukua pimamaji na spana.